Udongo wa Magunia

Mwambani, 2 Februari

Binti yangu mpendwa,

Marahaba kabla hujaniamkia. Mimi ni mzima wa afya. Goti la kulia bado linagoma kwenye ngazi za mnara, lakini tunasikilizana: likigoma nakaa, likichoka kugoma napanda. Hofu yangu ni kwako na kwa shangazi yako. Kile kikohozi chake kimetulia? Mwambie dada yangu huyo aache kulala dirisha likiwa wazi, ingawa najua hatasikia.

Baada ya salamu, habari niliyo nayo ni moja. Boti ya juzi imeleta barua ya ofisi. Wanazima taa. Watasimamisha nguzo ya chuma upande wa kaskazini, na juu yake kitaa kidogo cha umeme wa jua kisichohitaji mtu. Mtunza taa mwenzangu, yule tunayemwita Redio kwa kuwa hanyamazi, ataondoka kwanza. Mimi nibaki kufunga vifaa na kusubiri boti ya mwisho, ambayo itakuja kabla ya miezi ya mawimbi. Baada ya hiyo hakuna boti tena.

Niliisoma barua, nikaikunja, nikaenda kuchambua maharage. Sikuona uchungu, sikuona nafuu. Redio ndiye aliyelia kwa niaba yetu sote wawili.

Sasa jambo lenyewe. Mama yako yumo bustanini. Siwezi kumwacha peke yake kwenye mwamba usio na hata mtu wa kukohoa karibu yake. Nataka tumtoe, tumzike huko nchi kavu, mahali unapoweza kufika kwa miguu siku ukijisikia. Lakini kumchimbua peke yangu siwezi. Si nguvu ninayosema, koleo bado nalimudu. Moyo ndio haunipi. Njoo na boti ya mwisho tuifanye kazi hii pamoja. Tangu azikwe hujakanyaga hapa. Sijawahi kukuuliza sababu na leo siulizi. Nasema njoo.

Ni mimi baba yako.


Mjini, 19 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta u mzima na goti limelegeza msimamo. Sisi huku hatujambo. Shangazi anakohoa na dirisha liko wazi. Anakusalimu sana, anasema ukihamia mjini utalala chumba cha mbele, ila vile viatu vyako vinavyonuka mafuta ya taa viishie nje.

Baba, habari ya kuzimwa taa nilikuwa nayo kabla yako. Barua ile niliipiga chapa mimi. Ilifika mezani kwangu hapa ofisini pamoja na nyingine mbili, moja ya kuagiza rangi na moja ya likizo ya dereva. Nikaipiga, nikaitia kwenye bahasha, nikaandika anwani yako. Nilikaa kidogo nikisubiri nisikie kitu. Kisha ikafika saa ya chai, nikaenda kunywa chai.

Mkuu wetu, tunayemwita Muhuri kwa sababu hakuna karatasi inayompita salama, anataka historia ya mnara, kurasa mbili, zigawiwe siku ya kufunga. Kwa kuwa mimi ni mtoto wa mwambani, kazi kanitwisha mimi. Kwenye mafaili kuna michoro na barua za malalamiko tu. Niandikie baba: nani walijenga, watunza taa wa kwanza walikuwa watu gani, na ule udongo wa bustani ulianzaje. Mimi nimeukuta, hakuna aliyewahi kunieleza.

Kuhusu lile jambo lingine nitakuandikia. Kwa sasa kazi zimenizonga.

Ni mimi binti yako.


Mwambani, 11 Machi

Binti yangu mpendwa,

Salamu zangu zikufikie ukiwa na nguvu za kuzipokea. Mimi sijambo. Goti ni lilelile. Barua hii itashuka botini kwa mkebe kwenye kamba kama siku zote bahari inapokuwa na kiburi, kwa hiyo ukikuta imelowa pembeni usidhani ni machozi.

Umeomba historia. Haya, kaa vizuri.

Hapo mwanzo palikuwa na mwamba mtupu na ndege, na meli zilikuwa zikiugonga mara kwa mara bila mtu kushtuka. Siku moja ikaugonga meli iliyombeba mke wa mkubwa fulani. Mama wa watu aliokolewa, akalowa tu, lakini hapo ndipo serikali ilipogundua kwamba mwamba ni hatari.

Mnara wa kwanza ulijengwa na mafundi wenye haraka. Maji ya kunywa yalikuwa haba, na fundi mkuu hakutaka kungoja boti, akachanganya saruji kwa maji ya bahari. Mnara ukasimama, ukapendeza, ukapigwa picha, ukaanguka. Bahati nzuri wote walikuwa nje wakitafuta mayai ya ndege. Mawe yake ndiyo yaliyojengea jiko tunalopikia mpaka leo. Mnara wa pili, huu wetu, mawe yake yalichongwa huko nchi kavu na kuletwa machache machache. Bahari ikichafuka, mabaharia walikuwa wakiyatupa majini ili boti iwe nyepesi. Kwa hiyo njiani kutoka huko mpaka huku kuna mnara mwingine umelala chini, kama wangeokota wangejenga wa tatu.

Watunza taa walikuwa wawili wawili, na wawili ni idadi mbaya. Wa kwanza walikuwa Domo, aliyeitwa hivyo kwa sababu alikuwa hasemi, na Profesa, aliyekuwa akisema kwa niaba ya wote. Waligombana juu ya kukoroma. Wakapiga mstari wa chaki katikati ya jiko, asivuke mtu. Tatizo moto ulibaki upande wa Domo na bomba la maji upande wa Profesa. Basi kila jioni mmoja alisukuma sufuria ya maji mpaka kwenye mstari, mwingine akairudisha ikiwa imechemka, bila neno. Waliishi hivyo mpaka Profesa alipohamishwa, na Domo akaufuta mstari akasema, inasemekana, "Kimya kimezidi."

Usisahau mapazia. Watu hudhani kazi yetu ni ya usiku. Kazi ya hatari ni ya mchana, kulifunika kwa mapazia lile jicho kubwa la kioo la taa, maana jua likipita ndani yake linachoma kitu chochote kinachokaa mbele. Wakati wangu kulikuwa na mkaguzi aliyetundika koti lake juu kule na kufungua pazia ili aone mandhari. Alirudi mjini na koti lenye tundu mgongoni, na ripoti yake ikasema mnara uko katika hali nzuri.

Sasa udongo. Mke wa Domo alikuwa na mtoto aliyeanza kutembea. Sijui walizaaje bila kusemezana, lakini walizaa. Mtoto alikuwa akianguka kwenye jiwe kila hatua, magoti hayakauki vidonda. Mama yake akamwagiza nahodha wa wakati huo gunia moja la udongo ili mwanawe apate mahali pa kuangukia. Lililetwa, likamwagwa, upepo ukalichukua lote kabla ya jioni. Akaagiza jingine. Safari hii akaulowesha ule udongo, akauzungushia mawe ya mnara ulioanguka, na ukakaa. Tangu hapo ikawa sheria isiyoandikwa: anayepanda boti kuja mwambani abebe gunia la udongo. Mtunza taa, fundi, mkaguzi, mgeni. Mmoja alikataa akisema kanuni za utumishi hazisemi hivyo, nahodha akamwacha gatini na kanuni zake. Wewe mwenyewe kila likizo ya shule ulikuja na kigunia chako. Ndivyo ilivyopatikana bustani yenye ukubwa wa chumba, udongo mpaka magotini, mahali pekee pa mwamba huu ambapo koleo linaingia.

Ndiyo maana mama yako yumo pale. Hapakuwa na mahali pengine.

Nimekuandikia yote uliyouliza. Wewe hujanijibu.

Baba yako.


Mjini, 3 Aprili

Baba,

Shikamoo. Hali yangu nzuri. Shangazi amepata nafuu, anasema ni kwa sababu ya dirisha. Ninaomba na wewe uwe salama.

Historia nimeimaliza. Nimekuwekea nakala ndani ya bahasha, lakini usitarajie makubwa. Muhuri amekata Domo na Profesa kwa sababu hawana majina kamili. Koti la mkaguzi amelikata kwa sababu mkaguzi yule ni shemeji yake. Udongo ameukata, anasema watu wanataka tarehe. Halafu mwishoni akaongeza mstari wake mwenyewe: katika uhai wote wa mnara, hakuna aliyepoteza maisha mwambani.

Baba, niliupiga chapa mstari ule. Sikusita. Niliangalia vidole vyangu vikienda, herufi baada ya herufi, kama vya mtu mwingine. Nikaangalia kama nimekosea, sijakosea. Nikampelekea, akagonga muhuri.

Nataka nikwambie kitu ambacho hatujawahi kusema. Ile likizo nilikuwa gatini na begi langu. Mama alikuwa ameniandikia nilete uzi mweusi, nilikuwa nao mfukoni. Nahodha akanipa barua yako kabla sijapanda. Niliisoma nimesimama. Ulianza kwa kuniuliza hali yangu, ukaniuliza hali ya shangazi, ukasema goti linakusumbua. Kisha ukasema mama alishazikwa. Nikaikunja, nikamwambia nahodha sitasafiri, nikarudi kwa shangazi, nikala, nikalala. Kesho yake nilifua. Nilingoja kulia, baba. Nimengoja miaka yote hii. Unajua mguu ukiukalia ukafa ganzi, unaugusa na kuona ni nyama tu? Mimi niko hivyo, na sina hakika ninataka uzinduke, maana ukizinduka unauma.

Kwa hiyo siji. Mwombe nahodha akusaidie kumtoa mama. Sehemu makaburini nimeshaitafuta, iko karibu na ukuta, pana kivuli. Nitakusubirini gatini.

Binti yako.


Mwambani, 28 Aprili

Mwanangu,

Salamu. Mimi mzima. Redio ameondoka na taa imezimwa. Fundi alikuja na sanduku la spana, akafanya kazi muda mfupi kuliko tunaotumia kusafisha kioo. Kitaa chao kinawaka chenyewe. Mimi asubuhi nafunga mapazia kwa mazoea na jioni nayafungua, na katikati yake hakuna kitu. Nakula. Nalala. Siku zinapita upande wa pili wa dirisha.

Historia yako nimeisoma. Imepangika vizuri. Ule mstari wa mwisho niliusoma mara moja tu.

Kwa kuwa umeniambia la gatini, na mimi nikuambie la huku. Mama yako aliamka anaumwa tumbo, akasema ni maharage. Jioni akawa hasemi. Niliita kwa redio ya mawasiliano, boti ikaja, bahari ikakataa isisogee hata kufikiwa na kamba. Nahodha alizunguka mwamba mpaka mafuta yakakaribia kumwishia, namuona, ananiona, hakuna wa kumfikia mwenzake. Kesho yake alijaribu tena, lakini hakukuwa tena na mgonjwa. Bahari ilichafuka wiki nyingi na mtu hawezi kungoja hivyo. Nikamweka kwenye udongo. Ofisini walitaka wakuite nikuambie kwa redio. Nilikataa, sauti ile inakwaruza, inamfanya mtu ajione kama anakaripiwa. Nikasema nitakuandikia mwenyewe. Nilianza na salamu kwa sababu sikujua barua inaanzaje kama haianzi na salamu.

Tangu siku ile sijala kitu kilichoota pale. Redio aliwahi kuchuma nyanya za pembeni, na nadhani ndiyo wiki pekee aliyonyamaza, maana sikumpa nafasi ya kusema neno.

Nahodha hatamgusa mama yako. Yeye si ndugu, na mimi sitaki. Nimejaribu mwenyewe. Niliingiza koleo mara moja nikalichomoa.

Basi nisikilize. Boti ya mwisho ni Juni, bahari ikiruhusu. Ukija, tutamtoa na tutaondoka watatu. Usipokuja, mimi sipandi. Akiba ya chakula ninayo ya kutosha kwa muda, na baadaye itakuwa baadaye. Sikutishi. Nakuambia tu jinsi mambo yalivyo.

Baba yako.


Botini, 11 Juni

Shikamoo baba. Nimekuja. Huyu mwenye koti la njano ni mimi, usidhani ni mkaguzi.

Nakuandikia kwenye goti, samahani kwa mwandiko. Nahodha anasema mawimbi yamewahi mwaka huu. Hawezi kusogea zaidi ya hapa. Kamba ya kiti cha turubai inaweza kumteremsha mtu kutoka kwako kuja botini, sisi huku tukiishikilia. Lakini kumpandisha mtu kuja kwako kunahitaji wanaume wa kuvuta, na huko uko peke yako na goti. Kwa hiyo mimi siwezi kupanda tumtoe pamoja, na mama hawezi kushuka. Hakuna safari nyingine. Nahodha amepangiwa kituo kingine kuanzia kesho.

Uhali gani baba? Umekonda.

Binti yako.


Mwambani, hapo hapo

Mimi mzima. Wewe umekonda zaidi, au ni hilo koti.

Asante kwa kuja. Nilisema ukija tutaondoka watatu. Watatu haiwezekani, basi rudini salama. Mwambie nahodha sina kinyongo naye, wala wewe sina. Koleo nililiweka tayari tangu jana, na maji ya kunawa.

Baba.


Botini

Baba, usifunge mkebe kwa nguvu hivyo, tumeufungua kwa bisibisi.

Naiona bustani kutoka hapa. Sikujua kama inaonekana baharini. Mwamba wote ni mweupe kwa kinyesi cha ndege, halafu pale kuna kijani, imekaa kama mkeka. Ndiyo mara yangu ya kwanza kuliona kaburi la mama. Nilikuwa nikifikiri ni jiwe.

Nimefanya ujinga mwingine. Jana nilichukua koleo la shangazi nikajaza gunia la udongo uani kwake, nikalifunga, nikaja nalo mpaka gatini. Sikufikiri kabisa. Boti ya mwambani, basi gunia. Mabaharia wageni wakaniuliza tunakwenda kuhamisha mtu, udongo wa nini? Ndipo nikajiona. Nahodha hakucheka. Alilipokea, akalipanga chini ya benchi kama zamani. Sasa liko miguuni pangu na sijui nilifanyeje.

Binti yako.


Mwambani

Lifunge kwenye kamba. Hilo naliweza kulivuta.


Botini

Baba,

Nimekuona ukilivuta na kupumzika katikati. Nimekuona ukilimwaga, na ukiinama kuusawazisha kwa mikono, polepole, kama mtu anayetandika kitanda cha mgonjwa. Ulipochukua kopo na kuunyunyizia maji ili upepo usiuchukue, nikaanza kulia. Nimelia mpaka nahodha amenivalisha sweta lake. Linanuka samaki. Nasikia baridi, baba, natetemeka, kila kitu kinauma kwa pamoja, na sitaki kiache.

Nisikilize na wewe. Mama nimemzika leo. Imechukua miaka mingi lakini nimemzika, na wewe ndiye uliyekuwa mikono yangu. Mwache pale. Udongo ule uliletwa kwa magunia na watu wa mwambani wote, na mwenye nao ni yeye. Makaburini kwa ukuta angekuwa mgeni.

Ila wewe ukibaki, itafika siku nitapewa bahasha nyingine gatini, au hata bahasha isiwepo, maana hakuna boti ya kuileta. Mama nilimpoteza kwa barua. Wewe sitaki kukuzika kwa barua. Sitaweza mara ya pili, nitarudi kuwa kama nilivyokuwa na nitabaki hivyo.

Nakuomba baba. Siombi kama mtoto. Shuka.

Nahodha anasema mawimbi yanapanda na hawezi kungoja sana.

Binti yako.


Mwambani

Mwanangu,

Nimesoma. Nimekwenda kumuaga mama yako. Nimemwambia tu kwamba umekuja, na kwamba mimi naondoka. Naumia, sikufichi. Nilipogeuka miguu ilikataa, nikasimama pale mpaka ikakubali.

Mwambie nahodha akaze kamba na asiniteremshe kwa haraka, mimi si mzigo wa rangi. Begi sina, nakuja nilivyo.

Jambo moja nakuomba. Nikiwa kwenye kamba usinitazame. Nitakuwa nalia huku miguu inaning'inia, na sitaki mwanangu anikumbuke hivyo. Geuza uso upande wa nchi kavu. Nikifika nitakugusa bega.

Baba.